Enid, Uliyeuliza Upande Kwanza

Mwaka umetimia, dada Enid, tangu kichomi kikuchukue, na kiti chako mezani kwa mama hapa Orford hakijakaliwa na mtu.

Ulipenda viazi vya kuoka vilivyoungua kidogo. Ulifuta miwani kwa aproni. Mtu akileta habari, ulimuuliza, "Una hakika?" tukakucheka.

Vitani uliapa kunyamaza, ukanyamaza. Sasa siri imeachiliwa, nasi tunasema wazi, wasikie waliokuita mvivu: ulikuwa mtazamaji wa rada, mtambo wa kugundua ndege zingali mbali. Chini ya ile milingoti mirefu ya pwani ulikaa mbele ya kioo cha mtambo, ukitazama mstari wa nuru. Ndege zikija kutoka baharini, mstari uliota jino la nuru, nawe ukataja umbali wa ndege hizo, na marubani wetu wakaitwa.

Lakini mtambo ule haukujua mbele na nyuma. Ndege iliyokuwa juu ya nchi kavu, nyuma ya mgongo wako, iliotesha jino lile lile. Palikuwa na swichi ya kuuliza upande, nayo ilitaka subira.

Asubuhi moja ya mawingu lilichomoza jino nene. Sajini Ludlow, msimamizi wako, alitaka useme ni adui. Marubani walikuwa wamekwisha kuwasha injini, wakingoja neno lako tu waruke kushambulia.

"Haya binti, unangoja wabishe hodi?"

"Wakibisha, Sajini, nataka kujua ni mlango upi."

Ukabonyeza swichi, ukabonyeza tena. Walikuwa nyuma. Walikuwa vijana wetu wakirejea, na kaka yetu Ralph alikuwa miongoni mwao.

Haya alitusimulia Ludlow mwenyewe siku ya maziko, kofia mkononi. Ralph alikuwa hajui. Miaka yote alikutania mezani kwamba yeye alipokuwa angani wewe ulikuwa ukinywa chai ya Mfalme. Nawe ulimwambia chai yenyewe haikuwa na sukari, ukamsogezea viazi.

Siku hizi hatanii. Jumapili hukaa mkabala na kiti chako, na viazi vilivyoungua haviguswi mpaka mama amwambie ale.

Wanaokukumbuka ni mama yako Ada Pettingale, mdogo wako Leonard, shangazi Hester wa Woodbridge, na kaka yako Ralph, aliyefika nyumbani.

Maadamu tupo, Enid, hutasahaulika.