Kabla Sijaipeleka Karatasi ya Asha

Ziba, Jumapili, 8 Agosti 1976

Mpendwa dada Zaina,

Karatasi yako imefika. Bwana Idi, yule mchuuzi wa dagaa, aliishusha Tabora pamoja na magunia yake, nami nikaifuata Ijumaa kwa lori la pamba. Ina muhuri wa ofisi ya huko Uvira, ng'ambo ya ziwa na mpaka, na sahihi za mashahidi wawili. Mwandiko ni wako, nimeutambua kabla ya kusoma jina: “Mimi Zaina binti Mbaruku, mama mzazi wa Asha, nimemkabidhi mtoto huyu kwa ndugu yangu Rajabu awe mwanawe kwa kila jambo la serikali, nami sitamdai.”

Sikukuomba uandike hayo maneno mawili ya mwisho. Najua umeyaweka ili ofisa asipate pa kushika.

Nikukumbushe tulipofikia, maana barua zetu huchelewa. Asha yuko darasa la saba. Kila mtoto anayetaka kufikiriwa kwa sekondari ya serikali anajaziwa fomu, na fomu ina mstari wa uraia. Asha amezaliwa Uvira, baba yake wa Uvira, mama yake kwa karatasi ni wa Uvira. Ofisa wa Tabora aliniambia bila kificho kwamba mtoto wa namna hiyo hata akiongoza wilaya nzima jina lake litarukwa. Njia iliyobaki ni hii ya karatasi yako: niende nayo kwa hakimu, niwe mlezi wake wa kisheria, niombe aandikishwe raia kama mwanangu, na fomu iende na barua ya hakimu. Mwisho wa kupokea fomu ni Jumanne tarehe 31.

Ningeweza kupanda lori kesho asubuhi. Sitapanda, na sababu yake ndiyo barua hii.

Unakumbuka ile Oktoba ya mwaka 1963. Wewe ulikuwa umemaliza darasa la kumi na umeomba chuo cha ualimu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nimetoka kupata habari kwamba Januari ninaingia sekondari, na nyumba yetu ya Tabora ilikuwa ndogo kwa furaha hizo mbili. Baba alipiga randa mlango wa watu huku akiimba. Wewe ulinitania kwa sababu ya shajara yangu, ukaniita Bwana Karani, ukasema siku nitakayokufa nitaandika kwanza saa.

Kisha ikaja habari ya msiba Ujiji, wewe na mama mkapanda treni. Mlipokuwa huko ndipo chuo kilipoleta fomu, ikitakiwa irudi upesi. Baba alikuwa anasoma Kurani vizuri, lakini herufi za kizungu zilimpita. Akaniita karakanani, akafagia maranda kwenye meza, akaniwekea fomu.

Tulikwenda mstari kwa mstari mpaka tukafika mahali pa kuzaliwa.

“Andika Tabora,” baba alisema.

“Baba, dada amezaliwa Uvira.”

“Amekaa Uvira siku arobaini. Andika Tabora.”

“Hapa chini wanasema ukitoa habari za uongo utashitakiwa.”

“Uongo gani? Nani Tabora hii hajui kwamba Zaina ni wa hapa? Hata kuku wa jirani wanamjua.”

Wewe unajua, lakini nayaandika kwa sababu ipo siku Asha atasoma. Mama alizaliwa Ujiji. Bibi alipofiwa na babu aliolewa tena ng'ambo ya ziwa. Na kwetu mimba ya kwanza haizaliwi kwa mume, mwanamke hurudi kwa mama yake akazae huko. Ukweni hakuna mtu wa kumkanda kama anavyokandwa na mama. Kwa hiyo mama alivuka ziwa na tumbo, akakuzaa wewe, akakaa arobaini yake, akarudi Tabora na mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa wa pili. Wa pili hana safari, nikazaliwa hospitali ya Tabora. Baba alikuwa mzaliwa wa Kasongo, ng'ambo vilevile, kwa hiyo aliyeniokoa mimi ni mama: nimezaliwa ndani ya nchi, na mama amezaliwa ndani ya nchi. Siku tulipopata uhuru niliamka raia bila kufanya lolote. Wewe uliamka mgeni, na wakati ule hakuna aliyetuambia.

Babu yake baba alipita njia hiyohiyo na pembe ya ndovu begani, kutoka Manyema mpaka Tabora, na hakuna aliyemwuliza alizaliwa wapi. Kwetu Uvira, Ujiji na Tabora zilikuwa vyumba vya nyumba moja. Baba alikuwa bado anaishi katika nyumba hiyo.

Dada, niliandika Uvira.

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu, akiangalia kalamu inavyokwenda, na hakuweza kusoma ilichoandika. Nilimwonyesha pa kuweka sahihi, akaweka jina lake kwa herufi za Kiarabu, polepole, na vumbi la mninga kwenye vidole. Nikaifunga bahasha mwenyewe. Nikaipeleka posta mwenyewe.

Ninayo shajara ya mwaka ule. Chini ya tarehe 19 Oktoba imeandikwa: “Nimejaza fomu ya dada. Nimeandika kweli.” Kwa miaka kumi na mitatu sentensi hiyo imenisaidia. Nilikuwa mtoto mwaminifu, nilijiambia, nilifuata nilichofundishwa. Ijumaa usiku, baada ya kusoma karatasi yako, niliifungua tena shajara ile nikasoma na mstari unaofuata, ambao huwa naupita: “Sitaki matata na shule yangu.”

Hiyo ndiyo sababu. Kwenye ile fomu palikuwa na sehemu ya kutaja ndugu na shule wanazosoma. Nilikuwa nimetaja jina langu na shule niliyochaguliwa. Nikaona kwamba wakikukamata wewe na uongo watanifuata na mimi. Nilipima nafasi yako na yangu, nikachagua yangu.

Jibu la chuo lilikuja Desemba: mzaliwa wa Uvira si raia, hawamchukui. Ulilisoma ukiwa umesimama mlangoni, ukalisoma tena, kisha ukamgeukia baba.

“Baba, ungesema Tabora tu. Ungepungukiwa nini?”

“Nilisema Tabora,” baba alijibu.

“Basi wao wameitoa wapi Uvira? Umekwenda kujisifia Umanyema wako kwa watu wa serikali.”

“Zaina, nilisema Tabora.”

Hukumwamini. Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, hatua tatu kutoka kwenu, nina kitabu mkononi. Baba alinitazama mara moja. Alikuwa ameelewa, dada, nina hakika. Akarudi kwenye randa lake. Hakunitaja siku ile wala siku nyingine mpaka tulipomzika. Na wewe uliondoka Januari bila kumshika mkono, na ulipovuka ziwa tena miaka sita baadaye, baba alikuwa kaburini.

Ulikwenda Uvira kwa kuwa karatasi ilisema wewe ni wa Uvira. Uliniandikia barua moja tu mwaka ule, na nimeihifadhi. Walikuambia shule zao ni za Kifaransa, na kumi yako ya Kiingereza ni sawa na sifuri, uanze chini na watoto wadogo. Huku hukuwa raia, na huko uraia uliokuwa nao ulikuwa hauna lugha. Ukashika cherehani. Umewashonea sare watoto wa shule ambao ungekuwa unawafundisha. Niliisoma barua hiyo bwenini, kwenye kitanda cha serikali, nikaijibu kwa habari za mitihani.

Kisha kukaja vurugu za huko, na mume wako akapotea ndani yake. Mwaka 1970 ulimleta Asha mpaka Kigoma, tukakutana stesheni. Alikuwa na gauni la njano ulilolishona kwa mabaki ya sare. Uliniambia, “Wewe ndiye uliyesoma katika sisi. Mfundishe.” Nilisema nitamfundisha. Hapo palikuwa mahali pa kukuambia. Treni ilikuwa na dakika arobaini kabla ya kuondoka, nilikuwa naangalia saa, na hizo dakika nilizitumia kukununulia machungwa.

Sasa hali ilivyo hapa. Ziba imejaa watu tangu operesheni ya vijiji. Nyumba zimepangwa kwa mstari, shule ninayofundisha ina watoto wengi kuliko madawati, na walimu hawatoshi. Mwezi uliopita tumeletewa vijana watatu waliomaliza darasa la saba, wanajifunza ualimu huku wanafundisha. Mmoja aliniuliza jinsi ya kugawanya desimali dakika tano kabla ya kuingia darasani. Nilimwonyesha. Nilipotoka nje nilikufikiria wewe na darasa lako la kumi, nikashindwa kurudi ndani mara moja.

Balozi wetu wa nyumba kumi ni Mzee Maganga, Msukuma mwenye ng'ombe na maneno. Nilipompelekea fomu ya Asha alisema, “Mwalimu, andika amezaliwa Ziba. Mimi balozi nitaweka sahihi.”

“Mzee, wewe mwenyewe umehamia Ziba mwaka juzi.”

“Basi nimehamia nikamkuta. Nani atakwenda Uvira kuuliza? Nyie wasomi mnaogopa karatasi kuliko fisi.”

Sikukubali. Asha angebeba uongo huo kila ofisi atakayoingia, na siku moja mtu mwenye kinyongo angeukuta. Ndipo nilipokuandikia kukuomba karatasi. Nawe ukaituma bila swali hata moja, kwa sababu unamwamini mdogo wako.

Nyamizi, mke wangu, nimemwambia yote jana. Alikuwa anapepeta mtama, hakuacha kupepeta. Aliniuliza, “Karatasi unayo?”

“Ninayo.”

“Hakimu yuko Tabora?”

“Yuko.”

“Basi ipeleke. Mtoto akishaingia shule, ndipo umwandikie dada yako. Wewe unataka upate usingizi, na Asha ndiye alipe.”

“Sitaki hivyo.”

“Ndivyo unavyofanya. Wifi akikasirika akakataa, mtoto atakwenda wapi? Kuchunga ng'ombe wa Maganga?”

Ana haki, dada. Nilimwambia tu kwamba safari ile niliamua mambo ya Zaina akiwa Ujiji, nikafunga bahasha akiwa hayupo. Nikiipeleka karatasi hii kwa hakimu sasa, nitakuwa nimefanya vilevile, mara hii kwa mtoto wake. Aliweka ungo chini, akasema, “Haya, mwandikie. Lakini mwandikie upesi, usianze kuandika vizuri.” Tangu jana hajasema nami zaidi ya chakula na maji.

Asha hajui habari ya mwaka 1963. Anajua habari ya karatasi. Juzi tulikuwa tunarudi kisimani akaniuliza, “Mjomba, nikishakuwa mtoto wako, mama nitamwita nani?”

“Mama utamwita mama.”

“Na serikalini?”

Nilimwambia serikalini hawaulizi unamwita nani. Alitembea mpaka nyumbani, ndoo kichwani, hata tone halikumwagika. Ana shingo yako. Ni wa kwanza katika hesabu na wa tatu darasani kwa jumla. Kisukuma anakisema kama amezaliwa hapa, na akikasirika husema neno moja la Uvira ambalo sijui alilitoa wapi kama si kwako.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Msamaha ukiuomba wakati unataka kitu, unakuwa ni bei. Nakuomba tu umwondolee baba lile jambo. Alisema Tabora. Alilisema mara mbili mbele yako, na lilikuwa kweli mara zote mbili.

Nimepiga hesabu za siku. Bwana Idi anaondoka Tabora Jumatano tarehe 11, nami nitampelekea barua hii Jumanne. Kigoma anafika kesho yake, na boti ya Uvira akiikosa Ijumaa ataipata Jumatatu. Atakaa kwenu siku mbili za kununua dagaa. Hata treni ikichelewa kama inavyochelewa, tarehe 28 awe amerudi Tabora, nami nitakuwa stesheni tangu tarehe 27. Siku zinatosha, lakini hazina nafasi ya kuchezea.

Karatasi yako nimeikunja kama ilivyokuja, na utaikuta nyuma ya ukurasa huu. Sijaitumia, wala sijaichukulia nakala. Ukimpa Bwana Idi airudishe, asubuhi ya tarehe 30 nitakuwa mlangoni kwa hakimu kabla hajafika, na Asha atakuwa mwanangu kwa serikali na wako kwa mambo mengine yote. Ukiichana, sitakuuliza sababu. Nitamkalisha Asha mezani, nitaijaza fomu yake kwa kweli tupu huku akiangalia, na nitamweleza mimi mwenyewe kwa nini jina lake halitaitwa. Bwana Idi nitamwagiza asikuharakishe na asikushauri.

Shikamoo, dada. Nimekuamkia mwishoni kwa sababu mwanzoni sikuthubutu.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Rajabu