Ndoto Ambayo Sikuiota

Dana, bibi yangu mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si dada zangu, wala msichana ambaye kitanda chake kimepakana na changu hapa chuoni. Nimekusingizia. Nilimwambia Baba kwamba ulinijia katika ndoto, ukaniambia niache uuguzi nikawe mwalimu. Hukuja, Dana. Nililala fofofo, na asubuhi sikukumbuka hata kivuli cha ndoto.

Nimeyaandika maneno hayo mara tatu na kuyafuta mara mbili. Sasa nimeyaacha yakae.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu barua ya Kidholuo ikifika Mfangano ni ya kila mtu. Husomwa kwa sauti na majirani huvuta viti. Tena Kiswahili kilikuwa chetu sisi wawili. Ulikiokota sokoni Migori, miaka uliyokuwa ukiwauzia Wakuria na watu wa ng'ambo ya mpaka samaki wakavu, ukarudi nacho kisiwani pamoja na chumvi na sukari guru. Mama aliponiita nikateke maji nawe hutaki niende, ulininong'oneza, "Wewe kaa. Sema iko kazi ya bibi." Mama hakuelewa, nami nilikaa. Ulicheka mpaka mabega yakatikisika, ukaniita mke mwenzako, kwa kuwa Babu alipokuwa hai alisema mimi ndiye atakayemwoa ukizeeka.

Ninapokufikiria nakuona juu ya majabali ya ufuoni. Jua limeegemea upande wa ziwa, fulu wametandazwa juu ya mawe wakikauka, wadogo na wa fedha, maelfu kwa maelfu, na ndege weupe wanatuzunguka wakitafuta nafasi. Kazi yako ilikuwa kuwageuza samaki, yangu kufukuza ndege. Hapo ndipo nilipoanza kukufundisha kuandika. Nilikuwa darasa la pili. Nilichukua kaa la moto lililozimika nikachora A juu ya jabali, ukaiangalia kwa muda mrefu, ukasema hiyo ni paa la nyumba. L ukaiita mguu, na kweli ina wayo. O ilikuwa ungo. Ulilijua jina langu hivyo kabla ya kulijua lako. Jioni mawimbi yakipanda, au mvua ikija, yote yalifutika, na kesho yake tukaanza upya, nawe hukuudhika hata siku moja. Ulisema jabali limeshiba masomo ya jana.

Jina hilo la Aloo ulinipa wewe. Uliniambia mwenyewe kwamba nilizaliwa nikilia, nikalia siku mbili, nawe ukalala kidogo ukamwona marehemu mdogo wako, Aloo, amesimama mlangoni na mikono iliyolowa maji, akiomba nafasi. Ulipoamka ukalitaja jina lake sikioni mwangu nikanyamaza. Aloo alikuwa mkunga. Nusu ya kisiwa ilipokewa na mikono yake. Basi tangu nikiwa mchanga watu waliishika mikono yangu na kuigeuza huku na huku kama wanaochagua viazi, wakisema, mkunga wetu amerudi. Hospitali ilipojengwa upande wa bara walibadili neno tu, wakasema nesi wetu. Hakuna aliyeniuliza, na mimi, unavyonijua, sikuwa mtu wa kusema.

Shuleni nilikuwa na sauti ndogo kama ya kitu kilichofunikwa. Niliposimama kusoma, mwalimu aliwaambia wenzangu wasogee karibu, nao walisema Aloo anawasomea mbu. Mwaka wa Uhuru tulifundishwa nyimbo mpya, na katika kwaya nilifungua mdomo bila kutoa sauti. Ni wewe tu uliyeligundua. Ulikuwa umesimama nyuma ya akina mama wote, nawe ulinitazama mdomo. Ulipokuwa ukirudi nami nyumbani hukunikaripia. Uliniambia niimbe tukifika kwenye mawe, na nikaimba, ndege wakaruka wote kwa pamoja, ukasema angalau leo wamefukuzwa vizuri.

Je, unaikumbuka safari ya Rangwe? Nilikuwa nimepata nafasi ya kidato cha kwanza katika shule ya bweni upande wa Homa Bay, nawe ukakataa kata kata niende na nguo zangu ndani ya gunia. Ulivuka nami kwa mashua, tukapanda lori la pamba, tukashuka sokoni Rangwe na mavumbi mpaka kwenye kope. Uliuza samaki wako wote asubuhi hiyo na kuninunulia sanduku la bati la kijani. Fundi aliyelitengeneza aliandika jina langu juu ya kifuniko kwa rangi nyeupe. Watu walikuwa wamejaa pale. Ulijipenyeza mbele, ukaweka kidole juu ya rangi iliyokuwa bado mbichi, ukasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza ibada.

"Paa, mguu, ungo, ungo. Ni yeye huyu."

Fundi alidhani umechanganyikiwa. Mimi niliona aibu nikataka ardhi inimeze, na mpaka leo ninaijutia aibu ile kuliko makosa yangu mengi. Alama ya kidole chako ingali juu ya herufi ya mwisho. Sanduku liko chini ya kitanda changu ninapoandika.

Ulifariki muhula wa pili. Nilifika ukiwa tayari umelazwa sebuleni, na kina mama wakaniambia nikushike miguu nisiogope. Niliishika. Baada ya mazishi ulianza kunijia, na hizo zilikuwa ndoto za kweli. Hukusema kitu. Ulikaa tu kwenye jabali ukigeuza samaki, mwanga wa ziwa ukicheza usoni mwako, nami nilikaa karibu. Nilikuwa nikiamka bwenini nikiwa na harufu ya fulu puani, nikajua siku hiyo haitanishinda.

Nilipomaliza kidato cha pili sikwenda popote ila pale waliponiona tangu utotoni. Hospitali ya misheni ilinipokea nijifunze uuguzi, nikapewa gauni la buluu na kofia nyeupe. Baba alikuja kuniona siku ya kwanza. Alizunguka gauni lile kama anavyozunguka mashua mpya, akasema mama mdogo Aloo angefurahi.

Sikuchukia kazi, Dana, nisije nikakudanganya mara ya pili. Walinifundisha kwa upole. Lakini mikono yangu haikuwa ya Aloo. Nilipofungua kidonda ilitetemeka, na wagonjwa huiona mikono inayotetemeka kabla hujafika kitandani. Nilizungumza kwa kunong'ona hata mgonjwa akadhani nimemletea habari mbaya. Kila asubuhi nilijiambia kesho itakuwa afadhali.

Kisha akaletwa mama mmoja Mkuria, Robi, aliyevunjika paja kwa kuangukiwa na ng'ombe. Alilala miezi miwili mguu ukiwa umening'inizwa, na kwa kuwa Kidholuo hakukijua tuliongea Kiswahili kile kile cha kwako cha sokoni. Siku moja aliniuliza ile karatasi iliyofungwa kitandani kwake inasema nini juu yake. Nikamwonyesha jina. Akataka kujua ni wapi hasa alipo yeye. Nikageuza karatasi, nikachukua penseli, na kabla sijafikiri nikawa ninamwambia ile herufi ya pili ni ungo. Alicheka sana. Alisema kumbe amebeba ungo maisha yake yote.

Tuliendelea hivyo majuma matatu, nyuma ya karatasi ya homa, mpaka muuguzi mkuu alipoigeuza kutafuta maelezo ya daktari akakuta safu za nyungo na mapaa. Alitutazama sote wawili. Aliniuliza, "Hapa ni wodi au ni darasa?"

"Darasa," nikasema.

Nilisema kwa sauti, Dana. Wodi nzima ilisikia, hata mimi nilisikia. Muuguzi mkuu akarudisha karatasi mahali pake, na jioni aliniita ofisini akaniambia bila hasira kwamba hajawahi kuniona nimenyoosha mgongo ila kando ya kitanda kile, na kwamba chuo cha ualimu huku Migori kilikuwa bado kinapokea maombi. Nilitazama mikono yangu. Penseli ilikuwa bado vidoleni, imetulia kabisa. Nikakumbuka ulichoniambia kwenye majabali siku ile ulipoandika jina lako mwenyewe kwa mara ya kwanza, ukaliangalia mpaka wimbi likaja. Ulisema, "Mke mwenzangu, ukifundisha mkono yako haitetemeki."

Hayo uliyasema kweli, ukiwa hai, mchana kweupe. Ningeweza kumwambia Baba hayo hayo. Lakini maneno ya mchana hubishiwa, na yeye angejua jinsi ya kuyabisha. Jina langu lililetwa na ndoto. Nilidhani ni ndoto tu inayoweza kulifungua.

Nilirudi kisiwani nikamkuta Baba ufuoni, saa za alasiri, akiziba nyufa za mashua kwa pamba na lami. Nilisimama kwenye maji mpaka vifundoni. Nikamwambia ulinijia.

Baba aliweka nyundo chini, akavua kofia. Ni mzee wa kanisa, kila Jumapili husimama mbele ya watu, lakini mbele ya jina lako alikuwa mtoto aliyeitwa nyumbani. Aliniuliza ulivaa nini. Nikasema kile kitambaa chako cha buluu. Akaniuliza kama ulikuwa na njaa. Nikasema hapana, ulikuwa umeshiba. Nikamwambia ulisema kwamba mikono ya Aloo alikwenda nayo Aloo, na hii yangu ni ya chaki. Maneno yalitoka laini, moja baada ya jingine, kana kwamba mtu mwingine alikuwa akiyavuta kwa kamba. Nilingoja aniulize lile litakaloniangusha. Akauliza, polepole, bila kunitazama,

"Na mimi? Hakuniulizia?"

Sikuwa nimelitayarisha hilo, Dana.

"Alisema nikusalimie, Baba."

Alijipangusa uso kwa mkono wenye lami, ikabaki alama nyeusi shavuni, nayo hakuiosha hata wakati wa chakula. Alisema basi, kama mamake amenena, nani atabisha. Jumapili iliyofuata alimwambia katekista kwamba mamake amemletea salamu. Aliwaambia wavuvi. Dada anaandika kwamba siku hizi anaimba akitengeneza mashua. Nilitaka ruhusa tu, nikampa kitu kisichokuwa changu kumpa, na sasa siwezi kukidai bila kumnyang'anya wimbo.

Hapa chuoni mambo yangu ni mazuri kuliko ninavyostahili. Wiki iliyopita tulipelekwa kwenye shule moja ya msingi kujaribu kufundisha. Watoto arobaini, wengine Wajaluo, wengine Wakuria, walinitazama, chaki ikanivunjikia mkononi. Nikaufikiria ufuo. Nikachora paa, nikachora mguu, nikachora ungo, nikawauliza wanaona nini, na darasa lote likajibu kwa kishindo hata mwalimu wa darasa la pili akachungulia dirishani. Mkono wangu haukutetemeka. Ulikuwa umesema kweli.

Lakini huji tena. Tangu niseme umekuja, hujaja. Ninalala mapema, nimeweka sanduku mahali ambapo mkono wangu unaweza kulifikia, na ninaota mambo ya bure, foleni ya uji, mtihani wa hesabu. Jabali sijaliona tena. Nadhani umeudhika, na una haki.

Ila kuna kitu nimekikumbuka. Mama fulani kutoka kisiwa cha jirani cha Takawiri alikuletea mtoto aliyelia siku tatu, umtafutie jina. Nyumba ilijaa. Ulitaja jina la kwanza, akalia, la pili, akalia. Ulipotaja la tatu, la baba mkwe ambaye mama yule alikuwa akimlilia bado, mtoto akatulia, watu wakapiga vigelegele. Nilikuwa nimekaa miguuni pako. Mimi peke yangu niliona kidole chako kikitoka kwenye bakuli la maziwa na kupita midomoni mwa mtoto. Uliona kwamba nimeona. Ulinikazia macho, ukasema kwa Kiswahili chetu, "Hiyo wewe acha." Nimeiacha miaka yote hii. Hata sasa sijui kama ulikuwa uongo au ulikuwa unamlisha tu, na yule mama aliondoka amembeba baba mkwe wake akicheka njia nzima.

Kwa hiyo nakuomba, Dana, si kama mtu asiye na kosa. Nenda kwa Baba. Kaa naye kidogo kwenye mashua, uvae kile kitambaa cha buluu, umpe ile salamu kwa mdomo wako, iwe kweli. Ukishampa, ukipata nafasi, pitia kwangu, hata kama hutasema kitu. Mengine nitamwambia mwenyewe siku nitakapokuwa na darasa langu na sauti ya kutosha. Mpaka siku hiyo usimwambie. Hiyo wewe acha.

Mimi mjukuu wako na mke mwenzako,
Aloo