Shimo la Baba Yako Ghorofa ya Nne

Shiro Meda,
Addis Ababa.
Jumamosi, Megabit 14, 2016

Mpendwa mwanangu Meselech,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha mumeo Dawit, kisha Mihret, mjukuu ambaye bado sijamshika mkono. Mna hali gani huko Melbourne? Kile kifua kilichokuwa kinakubana majira ya chavua kimetulia? Dawit amepata zamu za mchana, au bado analiendesha lile lori usiku? Sisi huku tu wazima. Magoti yangu hulalamika ninapopanda mlima kutoka kanisani, lakini nyumbani yananifikisha. Tumeingia mfungo mkubwa, na nyumba nzima inanuka mchuzi wa shiro. Baba yako anasema akiletewa dengu tena atabadili dini.

Najua kila Jumapili mnazungumza kwa simu, naye hukuambia mambo ni shwari. Ndiyo maana naandika. Akiwa na simu huketi ubavuni mwangu, na mimi kaka yake siwezi kusema neno. Sitaki kukutisha, mwanangu. Ila nina wasiwasi, na katika ukoo huu sijaona mwingine wa kugawana naye.

Habari za kubomolewa kwetu unazo. Alama nyekundu zimeshapakwa kwenye kuta zote, kuanzia kisimani mpaka uzio wa chuo kikuu, na tumeambiwa tuwe tumeondoka juma la baada ya Pasaka. Ulifurahi uliposikia tutapewa nyumba ya ghorofa yenye maji ya bomba na choo cha ndani. Sikulaumu. Kwa umri wangu choo cha ndani si jambo la kudharau. Lakini kuna kitu ambacho hakuna aliyekifikiria, si wewe, si mimi, si wale maofisa, mpaka siku ya kura.

Kura zilichanganywa ndani ya ndoo ya plastiki uwanjani. Baba yako alitia mkono akatoka na ghorofa ya nne. Watu wakapiga makofi, maana huko juu kuna hewa na hakuna wezi. Unamkumbuka Zenebech wa nyumba ya pili, anayetunza masufuria na hema la iddir yetu, chama chetu cha kuzikana? Akamwambia, “Hongera Gatiso, utakuwa jirani wa malaika.”

Baba yako akajibu, “Malaika hawafumi.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Mfumaji wa kwetu huketi ukingoni mwa shimo, miguu ikining'inia ndani, akikanyaga kamba za kitanda cha kufumia huko chini. Nyumba yote ya baba yako ni lile shimo. Kuta na bati vilikuja baadaye. Babu yako alilichimba tulipofika kutoka Dorze, kabla hata hajaezeka. Ukingo wake umesuguliwa na mapaja ya watu wawili ukawa laini kama bakuli. Wewe mwenyewe ulijificha humo ukimkimbia marehemu mama yako na chanuo lake. Sasa niambie, ghorofa ya nne utachimba wapi?

Yeye alidhani atachimba. Tulipopewa funguo tukaenda kuiangalia, basi mpaka kituo cha mwisho, kisha kwa miguu. Niliona anatembea ameinama upande mmoja, nikadhani ni kiuno. Kumbe alikuwa amebeba mtaimbo chini ya gabi, lile shuka lake zito. Mimi niko dirishani nahangaika na komeo, nasikia ko, ko, ko. Nageuka, namkuta amepiga magoti katikati ya sebule mpya, vumbi la saruji limemjaa nyusi.

“Gatiso, wafanya nini?”

“Nataka kujua unene wake tu.”

“Chini yake kuna nyumba ya watu!”

“Na chini ya hiyo?”

“Nyingine.”

“Na chini ya hiyo? Kaka, udongo lazima uwe mahali fulani.”

Kabla sijamjibu mlango ukagongwa. Alikuwa mama mmoja kijana, mwiko mkononi, kichwa kimejaa chembe nyeupe. Baadaye nilimjua kuwa ni Hirut, anayekaa chini yetu.

“Wazee wangu, nani anagonga dari langu? Rangi inaniangukia kwenye unga.”

“Nachimba shimo, binti yangu,” baba yako akasema, kwa adabu kabisa.

“Shimo? La choo? Choo si hicho hapo mlangoni!”

“La miguu.”

Hirut akamtazama, akanitazama. “Basi ukiendelea kidogo hiyo miguu itatokea kitandani kwangu, na mume wangu ana wivu.”

Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Baba yako hakucheka. Aliuviringisha mtaimbo ndani ya gabi, akatangulia ngazini.

Tangu siku hiyo hajaketi shimoni. Hili ndilo ninalotaka ulijue. Kitambaa cha gauni la Mihret, ulichomwomba kwa ajili ya ubatizo wa mdogo wake, kiko nusu kwenye kitanda. Mtande, yaani zile nyuzi ndefu, bado umetandazwa mpaka kwenye nguzo ya uani, na kuku wanapita chini yake. Kukihamisha kitanda lazima aukate, na hataki kuukata. Kuumaliza pia hataki. Anatoa kiti nje asubuhi, anautazama uzio wa chuo, anakirudisha jioni. Chakula anagusagusa. Mikono yake, ambayo sijapata kuiona imetulia, imelala magotini kama ya mgeni. Nimewaona wafumaji wengine wa mtaa huu walioacha kufuma, mwanangu, na sitaki kukuandikia walivyoishia.

Wanafunzi nao wanamkosa. Kile chumba chako cha zamani wanapanga watatu sasa, na kelele za wanafunzi unazijua: wanakariri kwa sauti, wanagombania pasi, wanapika wali ukaungua. Mimi wananiita Gashe kwa heshima, wanakuja kuazima vitabu, na naviona vinarudi vimekunjwa masikio. Mtu aliyeshona migongo ya vitabu maktabani kwao maisha yake yote huumia kuona hivyo, lakini nawaazima tu. Walizoea kusoma huku kitanda cha baba yako kikigonga ukutani kwao. Mmoja aliniambia juzi, “Gashe Anjulo, tangu mzee anyamaze silali vizuri.” Na hawa wataenda wapi? Sijui. Siku za mahafali wazazi wao walishuka hapa kichochoroni kununua shela za netela, wakanywa kahawa ya Zenebech wakilia kwa furaha. Miaka yote hii chuo kimekuwa kikituletea watoto wa watu, nasi tukiwavisha mama zao.

Usingizi ukinipaa nawaza kwetu juu milimani. Wewe hukukuona, umezaliwa hapa. Kule nyumba ilisukwa kwa mianzi kama kikapu kilichofunikwa, ndefu, yenye pua kama ya tembo. Mchwa wakila chini, au mtu akitaka kuhama, majirani waliingia ndani, wakashika kuta, wakaimba, wakainua. Nilikuwa mdogo nilipoiona nyumba ya shangazi yetu ikipanda kilima kwa miguu ya watu, naye akitembea nyuma amebeba moto kwenye kigae. Alipika usiku uleule, katika nyumba ileile, mahali pengine. Tulipokuja Addis tuliiacha yetu, na nadhani tangu hapo sijakaa mahali bila kusikiliza kama kuna anayekuja kuniinua. Hawa wa sasa hawainui. Wanabomoa.

Alhamisi Zenebech alituita kwenye kahawa. Alimimina kikombe cha kwanza, akamgeukia baba yako bila kuzunguka.

“Gatiso, umechoka kuishi au umechoka kufuma?”

“Ni kitu kimoja.”

“Hilo ndilo ninaloliogopa. Hema la iddir liko kwangu, na sitaki kulipiga kwa ajili yako mwaka huu. Limechanika, nitaaibika. Sasa sikia. Shimo haliwezi kushuka. Kwa nini wewe usipande? Seremala akutengenezee jukwaa la mbao, ukae juu, miguu ining'inie humo ndani.”

“Nikae juu kama kuku?”

“Kama mfalme, basi, kama kuku ni wadogo kwako.”

“Sakafu italia. Yule mama wa mwiko atanitoa macho.”

Akanywa, akaondoka. Hakungoja hata kikombe cha pili, na unajua kwetu baraka iko kwenye cha tatu. Zenebech alibaki amelishika birika hewani. Ananificha, lakini naye anaogopa. Amepewa jengo jingine kabisa, na iddir imetawanywa kama mahindi. Nani atampigia nani hema, hakuna anayejua.

Jana nikapanda basi peke yangu mpaka kwa Hirut. Sikumwambia baba yako. Njia nzima nilitayarisha maneno ya heshima ya kumwomba radhi kwa kelele ambazo bado hazijapigwa. Alinifungulia mtoto mgongoni, akaniketisha, akaniwekea kahawa. Yeye naye alihamishwa kutoka mtaa mwingine, mwaka juzi. Nikamweleza habari za jukwaa, kamba na kanyagio, na kwamba kutwa nzima dari lake litakuwa likigonga.

Akauliza, “Na usiku?”

“Usiku hapana. Macho yake hayawezi.”

Akatikisa mtoto. “Baba, tangu nihamie hapa sijasikia jirani. Kila mtu na mlango wake. Mzee wa jengo la pili alikufa, tukajua kwa harufu. Mwache agonge. Nikimsikia nitajua yu hai. Akinyamaza nitapanda na mwiko wangu.”

Nilirudi na jibu hilo nikamwambia baba yako alikoketi. Alinisikiliza akitazama uzio. Usiku huo pia chakula alikigusagusa tu. Ndiyo maana leo nimekaa kukuandikia, nikikusihi jambo moja: Jumapili akipiga, usimuulize habari za ghorofa, wala usimwambie tena kwamba utamleta huko kwako apumzike. Kupumzika ndiko kunakomuua. Muulize gauni limefika wapi.

Zenebech anakusalimu na anasema umtumie zile dawa za kupaka mgongo, za kopo la bluu. Kasisi Wolde anakuombea. Wanafunzi wa chumbani kwako, ambao hawakujui, wanasema asante kwa dirisha lenye jua. Msalimie Dawit, na mbusu Mihret na yule mdogo kwa niaba yangu.

Nilikuwa nafikia hapa, nikitafuta maneno ya kufungia, baba yako akaingia. Hakuuliza namwandikia nani. Aliokota kipande cha uzi sakafuni akakizungusha kidoleni, kama afanyavyo akipiga hesabu.

“Mtande sikati,” akasema. “Kitanda kitabebwa kizima, na nguzo zake, kama nyumba za kwetu. Waambie wale wanafunzi wako wasile bure, wana mabega.”

“Na mlangoni kitapitaje?”

“Hilo ni la siku hiyo.” Akasimama kidogo. “Muulize Meselech, mtoto ana urefu gani. Ile picha ni ya mwaka jana. Lazima nijue darizi ya chini ianzie wapi.”

Kisha akatoka, na kiti hakukichukua. Sasa sijui kama ameketi shimoni au amesimama tu kando yake. Nimeacha kuandika nasikiliza, na wale watoto wa chumbani wanagombania pasi, hawanipi nafasi. Kwa hiyo mpime Mihret leo hii, mwanangu, amesimama ukutani bila viatu, toka begani mpaka kifundoni, uniletee jibu kwa njia yoyote iliyo ya haraka. Pasaka haiko mbali, na tingatinga halitamngoja mtu amalize darizi.

Mungu aliyetutoa milimani awashike mkono mlipo, na atujalie tuonane tukiwa na macho ya kutambuana.

Akupendaye asiyeacha kukuwaza,
Baba yako mkubwa,
Anjulo Datiko