Kabureta mbili na chupa ya Bibi

Kalama, futa ule ujumbe wangu wa asubuhi, ule wa "kusawazisha kabureta mbili nafanya nimefumba macho." Gereji ndiyo basi tena.

Fundi Tofiki aliniletea nyumbani pikipiki ya silinda mbili. Injini ikitulia, ananiajiri gerejini kwake.

Nikaunganisha kabureta zote mbili kwa mpira wa dripu, nikautia mafuta ya nazi, yakisogea upande mmoja nijue kabureta ipi inavuta zaidi. Nikapiga resi.

Injini ikayanywa yote. Yote, Kalama. Moshi mweupe ukajaa uani, ikazima.

Tofiki akarudi. "Umeifanya nini?"

"Petroli imechakachuliwa, fundi."

Akaanza kuniamini, wallahi. Ndipo Bibi akatoka na chupa tupu mkononi, akinusa.

"Tofiki mwanangu, mbona pikipiki yako inanukia kichwa changu?"