Wiki Mbili Bila Lenzi

Māngere, 4 Februari 2019

Kaka Halapua,

Hujambo? Seini na watoto hawajambo? Mimi mzima, magoti tu yananisumbua.

Utapimwa macho tarehe 21. Nakuomba ukae wiki mbili bila zile lenzi ngumu unazovaa machoni. Zinaiminya konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, na ikipigwa picha inaonekana imetulia kumbe inazidi kuchongoka. Tukiona inachongoka, daktari ataikaza kwa dawa na mwanga. Tukichelewa, basi tena.

Atakupima Ngaire, mpimaji mwenzangu hapa kliniki, siyo mimi. Dada na kaka wa Kitonga kutazamana machoni, magoti kwa magoti? Kwetu ni mwiko, mama angefufuka atuchape.

Dada yako,
Lupe

Tokoroa, 24 Februari 2019

Dada Lupe,

Salamu nyingi, sote wazima. Yale majani ya magimbi na nyama uliyonifungia niliyamaliza njiani.

Ngaire alirudia picha mara tatu, eti mashine inaona jicho likitetema hata mwenyewe nisiposikia. Mwishowe akasema konea imetulia. Nimerudi kwenye lori langu la magogo. Ulinitisha bure.

Kaka yako,
Halapua

Tokoroa, 10 Juni 2021

Dada,

Hujambo? Mimi si mzima. Konea ya kulia imepasuka ndani, limebaki kovu jeupe. Ya kushoto inafuata. Leseni wameichukua, sasa napanga magogo kiwandani. Barua hii anaandika Seini.

Lenzi nilizivua asubuhi ileile ya kipimo cha Ngaire, kwenye maegesho ya kliniki. Bila lenzi sioni barabara, ningeendeshaje wiki mbili? Nilidanganya, nakubali. Lakini wewe umewapima watu wa kanisa letu wote, mimi ukanipa mgeni. Ungekaa wewe kwenye ile mashine, ungejua.

Kaka yako

Māngere, 19 Juni 2021

Kaka,

Pole. Sina salamu nyingine.

Nilijua. Tangu utotoni huwezi kudanganya bila kukohoa kwanza. Nilikuwa nyuma ya pazia Ngaire alipokuuliza ulizivua lini. Ukakohoa, ukasema wiki mbili. Niliona aibu kumuumbua kaka yangu mbele ya mgeni, nikanyamaza. Heshima yetu imekula jicho lako, nami najichukia kwa hilo.

Limebaki la kushoto. Vua lenzi leo, uje tarehe 6 Julai. Nitakaa mbele yako mimi mwenyewe, mama afufuke akitaka.

Dada yako,
Lupe

Tokoroa, 27 Juni 2021

Wifi Lupe,

Shikamoo. Watoto wanakusalimu.

Barua yako nimemsomea mara mbili. Alilia. Leo ametoka kazini, nikamuuliza kama lenzi ameshaivua, na kama atakuja hiyo tarehe 6.

Akakohoa, akasema ndiyo.

Wifi yako,
Seini