Walivyonipa Uvumilivu

Hodge Hill,
Birmingham.
9 Aprili 2025

Mpendwa Dada Mghoi,

Pokea salamu tele kutoka kwenye baridi isiyotaka kuisha. Hujambo? Watoto je? Na miguu ya Mama, imepungua kuvimba? Sisi huku tunapumua.

Najua unangoja jibu moja tu: nitakuja lini kumwona Mama kabla hali yake haijawa mbaya zaidi. Nivumilie kwanza nikueleze.

Kanisani tumeigiza shairi la Wakristo wa kale, ambamo fadhila na maovu ni wanawake wanaopigania roho ya mtu kwa silaha. Kiburi anaanguka na farasi wake, Imani anavikwa taji. Nafasi hatukuchagua wenyewe. Waumini walipiga kura kwa kuangalia tabia ya mtu nyumbani. Mimi nikapewa Uvumilivu bila mpinzani, kwa vile namuuguza mama mkwe. Wifi Wakesho, anayekaa Edgbaston na kuja Jumapili tu kuonja supu, akapewa Hasira. Hapo walipatia!

Francine, Mkongomani anayetuongoza, aliniambia, "Weye hauko na maneno. Unasimama tu, yeye anakupiga mpaka upanga unavunjika." Hasira akishindwa hujiua mwenyewe. Nikauliza, na Uvumilivu anafanya nini baadaye? Francine akacheka. "Anaendelea kuvumilia, mama!"

Siku yenyewe nilisimama ndani ya deraya, vazi la vita la kadibodi, siwezi kukaa wala kujikuna. Wifi alinitwanga kwa raha zake. Kanisa zima likashangilia, na mama mkwe akalia kwa furaha na kutangaza, "Mkaza mwanangu huyu haendi popote!"

Mwakio alikuwa amekwisha kukubali nije mwezi ujao. Tulipofika nyumbani akasema safari ingoje, mtu kama mimi hashindwi kungoja. Dada, nilimchukia mume wangu. Kisha nikaenda kumkorogea mama yake uji.

Sasa hata dukani naitwa Mama Uvumilivu. Nikifungua mdomo kulalamika, watu wanacheka wakidhani naigiza. Sijui nitatokea wapi.

Nisalimie Mama, Mjomba Mwandawiro na wanao wote. Mungu awafunike kwa mkono wake. Najua kwenye maombi yenu mnaniombea uvumilivu. Acheni. Niombeeni hasira, kidogo tu, ya kunifikisha uwanja wa ndege.

Mdogo wako akupendaye sana,
Mkamburi