Chokaa ya Kidoleni

Likombe, 9 Agosti 1973

Mke wangu mdogo Somoe,

Bibi yako hajambo, ananuna tu kila nikikuita mke. Mbuzi amezaa mapacha. Mikorosho imeanza kutoa maua.

Barua yako kutoka Chuo Kikuu niliisoma mara tatu. Uliandika kwamba nyama ya mwili ina vighala vya kalisiamu, ndugu yake chokaa. Vikifunguka nyama hujikunja, na ile dawa ya ganzi unayowatilia vyura wako wa majaribio huvizuia visifunguke. Nikasema, kumbe mjukuu wangu amesoma mpaka akafika kwenye kazi yangu!

Sasa, usilie. Kidole changu cha shahada kilitunga usaha. Daktari akataka kukipasua, akaja na sindano ya ganzi. Mimi nimechoma chokaa miaka arobaini, naijua inavyochemka ikikutana na maji. Nikamwambia, "Baba, ukinitia maji hayo, mkono utatokota!" Akacheka, nami nikakimbilia nyumbani. Baada ya wiki mbili kidole kikawa cheusi.

Jumatatu wamekikata. Safari hii nilikubali sindano, nikafumba macho nikingoja moshi. Chokaa haikuchemka, Somoe. Hata kisu sikukisikia.

Kosa si la barua yako, ni la kichwa changu. Mwandiko huu mbovu ni wa mkono wa kushoto. Endelea na vyura wako, ila ukija likizo nifundishe polepole, maana vidole vimebaki tisa.

Mumeo mkongwe,
Babu Chitanda